Namna Leta Inavyopunguza Wafanyakazi wa Afya Bila Kufukuza Mtu



Mwezi wa 4 mwaka 2017, jirani zetu wa Tanzania waliona jambo ambalo sisi hatujaliona kwa sura ile. Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi wakaambiwa waondoke kazini. Ndani yao kulikuwa na watu wa afya. Sitaki kubishana hapa kama ilikuwa haki ao hapana. Angalieni sura ya tukio tu: kulikuwa na hesabu, kulikuwa na tarehe, kulikuwa na majina. Mtu aliamka akiwa mtumishi, akalala akiwa si mtumishi, na bibi yake nyumbani akajua siku ile ile.

Sasa tafuteni siku kama hiyo katika historia ya afya ya Kivu. Mimi nimetafuta. Nimepata kipindi kimoja tu kinachofanana kidogo, miaka ya 1980, nitakisema mbele. Zaidi ya hapo, kimya. Na bado kila mtu wa Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, anamjua mzee ao mama fulani ambaye zamani alikuwa na kazi ya Leta katika mambo ya afya, na leo hana. Ukimuuliza alifukuzwa lini, hawezi kukutajia tarehe, kwa sababu hakufukuzwa. Kwanza mshahara ulipungua nguvu. Kiisha ukachelewa. Kiisha jina likakosekana kwenye orodha ya malipo. Kiisha biro yenyewe ikabadilishwa jina, na katika jina jipya hakukuwa na kiti chake. Miaka yote hiyo yeye alikuwa anakuja asubuhi na kalamu mfukoni.

Mimi si muganga. Nina lisansi ya agronomia. Nilianza kusoma juu ya maji ya bomba ya Uvira, maji yakanifikisha kwenye kolera, na kolera ikanifikisha kwa watu wa biro. Njo maana naandika juu yao.

Tuelewane kwanza juu ya jengo lenyewe. Mfumo wa afya wa Congo una ngazi tatu. Juu kuna wizara, Kinshasa. Chini kuna zoni ya afya, yenye hospitali kuu, vituo vya afya, na biro ya kati ya zoni chini ya daktari mkuu wa zoni. Katikati kuna jimbo. Ngazi ya katikati ndiyo inayotuma watu kukagua vituo, inayojumlisha ripoti za zoni zote, inayofuata chanjo zisiharibike njiani, inayopiga simu Kinshasa kusema kuna ugonjwa umetokea mahali fulani. Jimbo letu la Kivu ya Kusini lina zoni 34. Upande wetu wa ziwa na bonde kuna Uvira, Ruzizi, Lemera, Hauts-Plateaux, na ukishuka kusini Nundu na Fizi.

Ukimpa mtu yeyote kisu na kumwambia akate mahali, atakata katikati. Hakuna mama anayezaa kwenye biro ya jimbo. Hakuna mtoto anayechomwa sindano pale. Kuna meza, kuna karatasi, kuna mtu anayepiga muhuri. Na tuseme ukweli: katika biro hizi kulikuwa na watu wengi wasio na kazi yoyote, walioingizwa na mjomba, na wengine walioishi kwa kula pesa za mafunzo na safari. Mimi sitetei wale. Lakini kisu cha Leta yetu hakijawahi kuwachagua wale.

Twende nyuma. Mwaka 1960, Congo ilipopata uhuru, hakukuwa na Mkongo hata mmoja mwenye diploma ya udaktari. Kulikuwa na wasaidizi wa tiba, watu wenye uzoefu mkubwa, lakini Wabelgiji hawakuwapa jina la daktari. Ndani ya miezi michache madaktari wengi wa kigeni wakaondoka, na utawala wa afya wa mikoa ukabaki bila kichwa. Shirika la Afya Duniani likatuma watu, na baadhi ya wasaidizi wetu wakapelekwa Ufaransa kumalizia masomo ili warudi madaktari kamili. Waliobaki kuendesha biro walikuwa makarani na wauguzi. Nchi haikufa kwa sababu yao, na jambo hilo halijaandikwa sana.

Miaka ya 1970 kukaja mawazo mapya. Kasongo, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya Kivu moja kubwa kabla ya mkoa kugawanywa mara tatu mwaka 1988, ilikuwa moja ya sehemu za majaribio: eneo lenye mpaka, hospitali moja, vituo vinavyoizunguka, na timu moja inayosimamia yote. Mwezi wa 9 mwaka 1978 dunia ilikutana Alma-Ata kusema kwamba huduma ya afya ya msingi ni haki ya wote. Mwaka ule ule wa 1978, kolera ilifika mashariki ya Zaire kwa njia ya ziwa Tanganyika. Haikutoka tena mpaka leo. Kwa hiyo mfumo mpya na adui wake mkubwa wa upande wetu ni watoto wa mwaka mmoja.

Kufikia mwaka 1985 Zaire ilikuwa imegawanywa katika zoni za afya 306. Wageni walikuja kujifunza. Nchi ambayo barabara zake zilikuwa zinakufa ilikuwa na ramani ya afya iliyopangwa kuliko nchi nyingi za Afrika. Lakini angalieni kilichotokea wakati huo huo upande wa pesa. Mwezi wa 9 mwaka 1983, kwa masharti ya FMI, Mobutu alishusha thamani ya zaire kwa zaidi ya robo tatu. Deni la nje lilitakiwa lilipwe kwanza. Katika miaka iliyofuata maelfu ya walimu na wafanyakazi wa afya waliondolewa kwenye orodha ya Leta. Hicho ndicho kipindi nilichosema kinafanana kidogo na Tanzania: agizo lilitoka juu, na watu wakaondolewa kwa hesabu.

Yaani kwa mkono mmoja nchi inachora zoni 306, kila moja ikihitaji daktari mkuu, mhasibu, wauguzi wasimamizi. Kwa mkono wa pili inapunguza watu wa kujaza viti hivyo. Nimeshangaa mara nyingi mambo haya yaliwezekanaje pamoja. Jibu ni rahisi na linauma: mgonjwa alilipa. Zoni zilifundishwa kujitegemea. Mgonjwa ananunua fishi, analipa dawa, na sehemu ya pesa ile inapanda. Inatoka kituo cha afya, inaenda biro ya zoni, na kutoka zoni nyingine inaenda mpaka mkoani. Mtu wa biro ambaye Leta haimlipi tena anakula kutoka kwenye mfuko wa mama aliyebeba mtoto mwenye malaria kutoka Makobola kwa miguu. Hakuna mtu aliyeamua siku moja kwamba iwe hivyo. Ilikuwa tu Artikulo 15, jipange mwenyewe, ile sheria ambayo haimo katika katiba yoyote lakini kila Mkongo anaijua.

Hapa ndipo naona chanzo cha kila kitu kilichofuata. Mara Leta ilipogundua kwamba inaweza kuacha kulipa na kazi ikaendelea, haikuwa na sababu tena ya kufukuza mtu. Kufukuza kunaleta kelele, kuna malipo ya mwisho, kuna mahakama. Kusahau hakugharimu kitu.

Miaka ya 1990 nitaipita haraka, kwa sababu mnaijua kwa hadithi za nyumbani. Septemba 1991 uporaji, Januari 1993 uporaji tena baada ya wafanyabiashara kukataa noti ya zaire milioni 5. Wafadhili wakafunga virago. Bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia, na mshahara wa mwezi wa mtumishi haukununua tena debe la unga. Usiku wa 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, kule juu ya bonde la Ruzizi, ikashambuliwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa. Daktari wake mkuu alikuwa Denis Mukwege, ambaye usiku ule hakuwa pale. Mwezi huo huo vita vikashuka Uvira. Kuanzia mwaka 1998 mpaka 2003 upande wetu ulitawaliwa kutoka Goma na waasi wa RCD, na mshahara wa Kinshasa haukuvuka mstari wa vita. Mtumishi wa afya wa Uvira alikuwa mtumishi wa nchi ambayo haikuweza kumfikia.

Na hata hivyo walifanya kazi. Mashirika yalikuja na primu, dawa, mafuta ya gari. Nani alipata primu? Yule ambaye shirika linamhitaji. Ukiwa unahesabu watoto wenye utapiamlo na shirika la utapiamlo liko, unakula. Ukiwa unatunza rejista ya wafanyakazi ao hesabu za hospitali, hakuna shirika linalokuja kwa ajili yako. Biro moja, watu wawili wenye diploma moja, mmoja anajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, mwingine anauza kuku wake.

Baada ya vita, mwaka 2003, ramani ikachorwa tena. Kutoka zoni 306 tukaenda 515. Zoni mpya maana yake biro mpya, daktari mkuu mpya, makarani wapya. Orodha ya mishahara haikukua kwa mwendo huo. Hapo ndipo likaenea neno ambalo ninyi vijana mnaliogopa kuliko mtihani: kumekanizwa. Kumekanizwa ni jina lako kuingia katika mashine ya malipo ya Kinshasa. Bila hiyo wewe ni "uniti mpya", hata kama umefanya kazi miaka 12. Wengine wana namba ya matrikule lakini hawana mshahara. Wengine wana primu ya hatari ya kazi lakini hawana mshahara wa msingi. Wengine wana mshahara mdogo na primu haijafika. Mwaka 2011 serikali ilianza kulipa kwa njia ya benki, na watu wa mjini walifurahi kwa sababu mikono iliyokuwa inakula katikati ilipungua. Lakini benki inalipa tu majina yaliyomo. Haiongezi jina.

Mtaniambia: sasa hiyo ni kupunguza wafanyakazi, ao ni kutoajiri? Ndiyo swali lenyewe. Katika nchi ambapo mtu anafanya kazi miaka 12 kabla ya kuajiriwa, maneno hayo mawili yanakuwa kitu kimoja. Kenya nayo ilipitia namna yake, kwenye miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, ajira za serikali zilipofungwa na wauguzi wenye diploma wakakaa nyumbani wakati hospitali zina viti vitupu. Tofauti ni kwamba muuguzi wa Kenya alikuwa nyumbani, akajua yuko nyumbani. Wetu alikuwa wodini.

Sasa tufike kwenye mageuzi ya ngazi ya katikati, kwa sababu haya ndiyo yaliyogusa biro za upande wetu waziwazi. Katiba ya 18 Februari 2006 ilitangaza majimbo 26 na kuyapa majimbo kazi nyingi za afya. Ilisema pia, kifungu cha 175, kwamba jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwake. Asilimia 40 hiyo mnaijua, imekuwa kama hadithi ya sungura: kila mwaka inasimuliwa, hakuna aliyemwona. Lakini majimbo 26 yalikuja kweli, mwaka 2015. Wizara ya afya ilikuwa tayari imeanza kupanga upya. Mfumo wa zamani ulikuwa na inspeksioni za afya za majimbo 11, na chini yake wilaya za afya 65, ambazo zilikuwa kati ya jimbo na zoni. Juu ya hapo, kila programu ya ugonjwa ilikuwa na ofisi yake ya jimbo: kifua kikuu peke yake, malaria peke yake, UKIMWI peke yake, kila moja na mratibu wake na gari lake kama ilibahatika. Mageuzi yalisema: wilaya zifutwe, programu ziingie ndani, kila jimbo liwe na Divizioni moja ya Afya, ile tunayoita DPS, na pembeni yake inspeksioni ndogo ya kudhibiti.

Mimi nasema wazi, kwenye karatasi mageuzi haya yalikuwa mazuri. Daktari mkuu wa zoni alikuwa anapokea wageni watatu wa jimbo kwa wiki moja, kila mmoja na fomu yake, na kila mmoja anataka apewe chakula na mafuta. Kuwaweka pamoja ilikuwa akili. Nafasi zilihesabiwa upya, watu wakashindania viti kwa diploma na mtihani, na wafadhili, Umoja wa Ulaya na Ubelgiji kati yao, walikubali kusaidia Divizioni mpya zisimame.

Lakini fanyeni hesabu ya jimbo letu. Katanga iligawanywa mara nne, Équateur mara tano. Kule biro moja ya zamani ilizaa kadhaa, na watu waliweza kutawanyika. Kivu ya Kusini haikugawanywa. Kwetu biro nyingi ziliingia katika moja, na ile moja iko Bukavu. Wilaya ya afya ilipofutwa, yule aliyekuwa nayo karibu alipoteza vitu viwili pamoja: kiti na barabara. Kutoka Uvira mpaka Bukavu si mbali kwenye ramani, kama kilomita 120 hivi, lakini mnaijua escarpment ya Ngomo, mnaijua mvua ya mwezi wa 4, mnajua vizuizi. Mtu wa miaka 55, mwenye watoto 8 na shamba la mihogo Kiliba, hawezi kwenda kushindana na kijana wa Bukavu mwenye kompyuta mgongoni.

Waliokosa nafasi hawakuachishwa. Walibaki watumishi wa Leta kwa jina, wakisubiri kupangwa mahali pengine. Kusubiri huko hakukuwa na mwisho. Na kustaafu nako hakukuwa njia, kwa sababu anayestaafu bila kulipwa malipo yake ya mwisho anajifukuza mwenyewe. Njo maana mnaona wazee wa miaka zaidi ya 70 bado wanashika ufunguo wa kabati katika ofisi zetu. Vijana wengi wa ukurasa huu huwasema vibaya, eti wamekalia nafasi zetu. Mimi nilikuwa nasema hivyo pia nilipomaliza masomo. Lakini mzee yule hakalii nafasi, anakalia deni.

Sasa kwa nini nahangaika na makarani, wakati kuna vita na njaa?

Nawaeleza jambo moja la Uvira ambalo limesomwa duniani kuliko sisi wenyewe tunavyolijua. Katika hospitali kuu ya Uvira kuna kituo cha matibabu ya kolera. Pale mlangoni kuna rejista. Mtu anaandika: tarehe, umri, mume ao mke, mtaa gani. Ni kazi ya kuchosha, usiku, taa imekatika, mgonjwa anatapika, na mwandishi labda hajalipwa miezi. Upande mwingine wa mji, kwenye kituo cha REGIDESO, kuna mwingine anayeandika kila siku mitambo imesukuma maji kiasi gani. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba ya kitropiki cha London walichapisha matokeo ya kuweka daftari hizi mbili pamoja, kuanzia 2009 mpaka 2014. Walikuta kwamba siku moja bila maji ya bomba huongeza wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera kwa asilimia 155 katika siku 12 zinazofuata, ukilinganisha na siku ambayo maji yamesukumwa vizuri. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile, asilimia 23.2, walitokana na kukatika kwa maji.

Nilipoisoma hesabu hiyo, mimi wa agronomia, nilikaa kimya muda. Sisi tunafundishwa kwamba rejista ya mvua ikikatika miaka 5 huwezi kuirudisha, hata ukipewa dola milioni. Mvua imekwisha nyesha. Vituo vingi vya mvua vya bonde la Ruzizi vimekatika hivyo, na leo mkulima wa mpunga wa Sange akiniuliza kama masika yamesogea kweli ninamjibu kwa kukisia. Wenzetu wa kolera walikuwa na bahati ambayo sisi hatukuwa nayo: mtu fulani aliendelea kuandika.

Hesabu ile ilisaidia kutetea mradi wa kupanua maji ya bomba ya mji, ambao Wafaransa na Umoja wa Ulaya waliweka pesa ndani. Mwaka 2020, baada ya mafuriko ya mwezi wa 4 ambayo yalibeba nyumba kando ya Mulongwe, mji ulipata kampeni ya chanjo ya kolera, na miaka iliyofuata rejista ya kituo kile ikatumika tena kupima kama dozi moja inakinga. Matokeo yake yalichapishwa 2024, na sasa nchi zingine zinapanga chanjo zao zikiangalia Uvira. Yote yanaanzia kwa mtu mwenye kalamu.

Na rejista peke yake haitoshi. Karatasi ya Uvira isipojumlishwa na ya Nundu, na ya Fizi, na ya Ruzizi, huwezi kuona kolera ikitembea kandokando ya ziwa pamoja na wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Kujumlisha ndiyo kazi ya ngazi ya katikati. Kila wiki, muuguzi mkuu wa kituo anatuma hesabu kwa zoni, zoni inatuma jimboni, jimbo linatuma Kinshasa. Ukitoa mtu mmoja katikati, hakuna mlio utakaosikia. Kinachotokea ni sufuri. Zoni inaonekana haina ugonjwa, kwa sababu ripoti haikufika. Mkubwa Kinshasa anaangalia ramani, anaona Fizi nyeupe, anapeleka dawa kwingine.

Mwaka 2025 ulileta namna mpya ya kukata. Tarehe 20 Januari rais Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani, na mwezi wa 3 serikali yake ilitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Jimbo letu lilikuwa limetegemea Wamarekani katika afya kwa miaka mingi. PROSANI inajulikana mpaka kwa mama wa sokoni. Watu wa miradi waliondolewa kwa barua pepe, kwa tarehe, na kwa mara ya kwanza wengi wa rika letu waliona kufukuzwa kwa sura ya Tanzania. Lakini nyuma yao kulikuwa na wengine wasiopata barua pepe yoyote: wafanyakazi wa Leta ambao primu yao, intaneti yao, mafuta ya pikipiki yao yalitoka kwenye mradi. Hao hawamo katika hesabu yoyote ya waliopoteza kazi. Kwenye karatasi bado wapo kazini.

Mwezi wa 2 Bukavu ikaangukia mikononi mwa M23, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Kwa miezi kadhaa mji wetu, ambao mageuzi ya 2015 yaliunyima hata wilaya, ulikuwa makao ya jimbo. Biro zilitafutwa haraka haraka, meza zikaazimwa. Mwezi wa 12 vita vikaingia Uvira penyewe, na watu wengi wakavuka kwenda Burundi. Kolera ilivuka nao, kama kawaida yake.

Ninataka kuomba kitu. Orodha ya waliopotea katika biro za afya za upande wetu haipo, kwa sababu hakuna aliyeiandika; hakukuwa na siku ya kuiandika. Lakini karatasi zipo majumbani, ndani ya masanduku ya bati na mifuko ya plastiki, zile zilizobahatika kuvuka pamoja na nguo. Kama mzazi wako ao jirani alifanya kazi katika inspeksioni ya zamani, katika wilaya ya afya, ao katika biro ya zoni yoyote kuanzia Kamanyola mpaka Fizi, muulize kwa heshima akuonyeshe barua ya kuteuliwa, barua ya kuhamishwa, fishi ya mshahara ya mwisho aliyoipata. Piga picha mchana, nje, karatasi ikiwa juu ya meza. Funika namba ya matrikule na sahihi kabla ya kuitoa kwa mtu yeyote. Na mwandike pembeni mwaka ambao anakumbuka alilipwa kwa mara ya mwisho, hata kama hana hakika ya mwezi.